Moyo haudundi kama kwenye riwaya: nimkatae?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, nimeokoka, na tangu nikiwa na miaka 19 nasoma riwaya za mapenzi za Kikristo. Zamani nilikuwa naazima vitabu, siku hizi nasoma kwenye simu, tatu kwa wiki, mara nyingi usiku. Kuna kaka tunaimba naye kwaya miaka mitatu sasa. Mwezi uliopita aliniambia anataka kunioa. Hata machoni hakuniangalia. Alisema tu, “Ningependa tuwe pamoja, kama na wewe unaona ni sawa.” Moyo haukudunda, mikono haikutetemeka. Nimefunga siku 3 nikimwomba Mungu ishara, sijaipata. Ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Mama alipolazwa alikesha naye hospitali usiku 3 ili mimi nikalale. Lakini najiuliza, kama ametoka kwa Mungu, si ningejua? Dada yangu anasema riwaya zimeniharibu, nizifute zote, ni dhambi kama dhambi nyingine. Nimkatae? Na riwaya nizifute?*
*Msubiri Ishara*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na dada yako, maana lake ni fupi. Riwaya hizi si uchafu. Wachapishaji wake wana masharti makali: mlango wa chumba cha kulala hufungwa mbele ya msomaji, lugha chafu haipiti, na busu la kwanza mara nyingi hungoja mpaka kitabu kinakaribia kwisha. Zimo ndani yake toba, msamaha na watu wanaojifunza kusali upya baada ya msiba. Kuziita dhambi ni kukosea jina la ugonjwa. Lakini ugonjwa ameuona, usimbishie kwa hilo. Umechukua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kusomwa, ukakifanya kipimo cha kumjua Mungu anasema nini.

Tazama kitu chenyewe kinavyotengenezwa. Mwandishi wa riwaya ya aina hii husuka nyuzi tatu: mapenzi ya hao wawili, safari ya imani ya kila mmoja, na kikwazo kinachowatenganisha. Mfululizo wa Love Inspired, ulioanzishwa mwaka 1997 na Harlequin, kampuni inayochapisha riwaya za mapenzi, ni mfano mzuri wa zile fupi: kitabu kimoja kina maneno kama 55,000 hivi. Ndani ya nafasi hiyo lazima wakutane, wavutane, wagombane, siri ifichuke, waachane, mmoja apige magoti, warudiane, posa itolewe. Hakuna mahali pa kuweka miaka mitatu ya mazoezi ya kwaya. Ndiyo maana moyo wa binti unadunda sura ya kwanza. Usipodunda hapo, mwandishi hana muda wa kuudundisha baadaye.

Na ishara? Mwandishi anaujua ukurasa wa mwisho kabla hajaandika wa kwanza. Akitaka barua iliyopotea ionekane asubuhi ile ile binti anapoomba, anaiweka tu. Ishara ile imewekwa kwa ajili yako wewe msomaji, ili utulie ukijua kitabu kitaisha vizuri. Ukiifunga simu yako ukaenda kuidai ishara kama hiyo maishani, unamwomba Mungu afanye kazi ya mwandishi wa riwaya.

Waangalie pia wazazi wa mhusika mkuu. Mara nyingi wamekufa, au wako mbali, au ni wakali mno kiasi kwamba hasemi nao. Kuna sababu ya kiufundi. Mama mmoja mwenye akili zake angeimaliza ile kutoelewana sura ya nne kwa swali moja tu, na kitabu kingeishia hapo. Kwa hiyo binti wa riwaya huamua peke yake, akiongozwa na moyo wake na mstari mmoja wa Biblia. Wewe hauko peke yako, lakini katika barua yako nzima hukuniambia umemuuliza nani.

Kijana wa riwaya naye ana siri yake ya kiwandani. Kasoro yake kubwa ni huzuni iliyofichika, ambayo upendo wa binti utaiponya. Hakoromi, hasahau ahadi, hana deni ambalo hakulitaja. Katika baadhi ya riwaya amepewa mzigo mkubwa zaidi. Redeeming Love ya Francine Rivers, iliyotoka mwaka 1991, inasimulia upya habari za nabii Hosea huko California enzi za kukimbilia dhahabu, na yule mkulima anasikia sauti ya Mungu ikimwelekeza mke. Lakini Hosea katika Biblia ni picha ya Mungu anayewapenda watu wasio waaminifu. Mwanaume aliyeandikwa kuwa picha ya Mungu huwezi kumweka mizani moja na mwanaume anayeimba besi kwenye kwaya. Atashindwa tu, na kushindwa kwake hakutakuwa kumekuambia lolote juu yake.

Ajabu ni kwamba moja ya vitabu vilivyoifungulia njia aina hii ya riwaya hakikuanza na moyo unaodunda. Love Comes Softly ya Janette Oke, wa Kanada, ilitoka mwaka 1979. Marty amefiwa na mume akiwa mjamzito, hana pa kwenda, anaolewa na Clark, mjane mwenye binti mdogo anayehitaji mama. Wamekubaliana kwamba asiporidhika, Clark atamlipia nauli ya kurudi kwao. Upendo unakuja taratibu, kwa kuni zilizopasuliwa na ahadi zilizotimizwa. Sikupi hicho kiwe kipimo kipya, maana Marty aliolewa kwa dhiki na wewe huna dhiki. Nakitaja ili ujue kwamba hata ndani ya riwaya unazozipenda, kutetemeka kwa mikono si sharti la kale.

Ukirudi kwenye Biblia utakuta ishara ni chache kuliko ulivyozoea. Gideoni alimwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo baada ya kuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ile ilikuwa ya mtu mwenye mashaka. Mtumishi wa Ibrahimu ndiye aliyeomba ishara kuhusu mke, Mwanzo 24, lakini soma aliomba nini: msichana atakayempa maji na kujitolea kuwanywesha na ngamia wake. Walikuwa ngamia 10. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja, na Rebeka alikuwa anashuka kisimani na mtungi. Ishara yenyewe ilikuwa jasho, mtihani wa tabia. Kisha jamaa zake wakamuuliza kama yuko tayari kwenda, akajibu mwenyewe. Na Ruthu? Hakuna sauti wala ndoto katika kitabu chake chote. Kuna Boazi, mwenye shamba atakayemwoa, anayewaonya vijana wake wasimguse, anayeagiza masuke yaachwe makusudi, anayekwenda langoni kuita wazee 10 ili jambo liwe la haki mbele ya watu.

Sasa turudi hospitali. Barua yako imetumia mistari mingi kueleza macho yasiyokuangalia na mikono isiyotetemeka, na sentensi moja tu kueleza usiku 3 ambao mtu huyu alikesha na mama yako. Hicho ndicho riwaya zimekufanyia. Zimekufundisha kuona haraka kitu kinachoandikika vizuri, na kukipita kitu kisicho na maneno matamu. Umeomba ishara siku 3. Sikuambii kwamba mikesha ile ndiyo ishara. Nakuambia ni ushahidi, na umeuweka chini ya mkeka.

Lakini nisikusukume. Kuna tofauti kati ya moyo uliotulia na moyo unaokataa. Mtu uliyemzoea miaka mitatu hawezi kukushtua mwili kama mgeni anayeshuka farasi sura ya kwanza, na utulivu huo si ubaya. Ila kama unamwona anakuja unabadili njia, kama mwili unakaza akikaa karibu, kama unamwogopa au unamdharau hata kidogo, basi mkatae, na huhitaji mstari wa Biblia wa kukuunga mkono. “Hapana” yako inatosha. Wema wa mtu ni sababu ya kumheshimu, si deni la kumlipa kwa kuolewa naye.

Kama si hivyo, ila hujui tu, fanya hivi. Wiki hii mpe jibu lenye tarehe: “Nimesikia ulichoniambia na ninakiheshimu. Naomba wiki 8 tuzungumze kwa makusudi, tarehe fulani nitakuambia ndiyo au hapana.” Tarehe uitaje kweli. Bila tarehe utaendelea kuomba ishara juu ya ishara, naye atabaki ananing’inia, na hiyo ni dhuluma.

Riwaya zipumzishe wiki 4 za kwanza. Usizifute. Piga hesabu: kwa kasi ya maneno 200 kwa dakika, kitabu cha maneno 55,000 kinakula zaidi ya saa 4 na nusu, na vitatu kwa wiki ni karibu saa 14. Umekaa na huyu kaka saa ngapi mkizungumza ninyi wawili? Tena unasoma usiku, na kesho yake unamkuta mazoezini, amechoka kutoka kazini, unamlinganisha na mtu ambaye kila sentensi yake imehaririwa kabla haijakufikia. Siku za kwanza utahangaika ukifika kitandani, maana usingizi wako umeshazoea kuletwa na sura mbili tatu. Weka simu chumba kingine, kitandani weka Biblia ya karatasi ufungue Ruthu. Ni sura 4, aya 85, unaimaliza kabla macho hayajachoka, na huo ndio uzuri wake: haikuburuzi mpaka usiku wa manane.

Nunua daftari, kila ukurasa upige mstari katikati. Kushoto andika alichofanya au alichosema, jambo ambalo mtu wa tatu angeliona. Kulia andika ulichohisi. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuchanganya. “Alinipuuza” ni la kulia, la kushoto ni “hakupokea simu saa 2 usiku.” Baada ya wiki 4 soma safu ya kushoto peke yake, kwa sauti, kama unasoma habari za mtu usiyemjua. Ujiulize kama mtu huyo ungemtaka kwa dada yako.

Halafu yapo mazungumzo, yasipungue sita, kila moja na jambo lake: pesa na madeni, hasira, watoto, ndugu wa pande zote mbili, imani yake siku ambazo hakuna mtu anamwona, na yale anayotegemea wewe uyaache ukiolewa. Mkutane mahali pa wazi. Usimuulize atafanya nini, kwa sababu kila mtu ni malaika akizungumzia kesho. Muulize alifanya nini. “Mara ya mwisho ulipodhulumiwa kazini ulifanyaje?” Katika jambo moja dogo mkatalie waziwazi, utazame anaipokeaje hapana. Hilo la mwisho usilikwepe, ndilo linalofichua mengi kuliko yote. Na watafute watu wawili waliowahi kumwona amekasirika, uwaulize wao pia.

Wiki ya 5 ukitaka, rudi kwenye riwaya, kitabu kimoja kwa wiki mbili, mchana. Anza na sura ya mwisho. Najua inaumiza, lakini ukishajua mwisho utaanza kuona mwandishi anavyopanda ishara zake, mahali kwa mahali. Paka rangi tatu kwenye simu: moja ya mapenzi, moja ya imani, moja ya kikwazo. Ukifika mwisho, ondoa kichwani rangi ya imani. Kama hadithi bado inasimama bila kutikisika, imani ilikuwa pambo. Angalia pia yule kijana asiyeamini anayeokoka kurasa 20 kabla ya posa. Kitabuni toba hiyo ni ya kweli kwa sababu mwandishi amesema ni ya kweli. Wa kwako tayari ni muumini, kwa hiyo halikuhusu leo, lakini wasichana wengi wameingia ndoa ngumu kwa kuiamini sura hiyo.

Ukichagua vingine, soma maelezo ya jalada la nyuma. Tafuta vile ambavyo harusi iko mwanzoni na kazi inakuja baadaye, au vya wajane na watu wazima. Humo utakuta maongezi ya bili, ugonjwa na kuombana radhi, na uandishi wake mara nyingi una nguvu zaidi kwa sababu mwandishi hawezi kujificha nyuma ya busu la mwisho.

Dada yako mwambie hukufuta, umepumzisha, na kwa nini. Halafu nenda kwa mama. Yeye ndiye alikuwa kitandani usiku ule mitatu, wewe ukiwa umelala nyumbani. Muulize kaka huyu alifanya nini saa 8 za usiku, alizungumzaje na wauguzi, alikuwaje akichoka. Majibu yake yawe ukurasa wa kwanza wa daftari, upande wa kushoto.