Mshale mrefu umelala tu

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba mdogo kaniachia saa ya mkono: uso mweupe, viduara vitatu vyeusi, vitufe viwili ubavuni, ukingoni namba 400, 200, 120, 60. Saa inatembea, ila mshale mrefu wa sekunde umeganda kwenye 12. Mtu mmoja sokoni anaitaka kwa bei ya chuma chakavu, eti imekufa. Kweli? Tena mke wangu anauliza ule wali wako wa mbaazi unaoupima kwa saa unaupimaje.
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usiiuze. Hiyo ni kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake, na mshale ule kazi yake ni kulala pale juu mpaka uuamshe. Bonyeza kitufe kilicho karibu na namba 2 (ndiyo saa nane yetu, nisikuchanganye). Utaondoka. Bonyeza tena, utasimama. Kitufe cha karibu na 4 huurudisha kwenye 12, lakini usikiguse mshale ukiwa mbioni. Sekunde za kila siku zinahesabiwa na kiduara kimoja, kile kisichotulia.

Uso mweupe wenye viduara vyeusi wapenzi wa saa huuita panda, kwa yule mnyama wa China, si panda ya manati. Mimi naupenda kuliko uso mweusi mtupu, ingawa Omega Speedmaster aliyoivaa Buzz Aldrin mwezini mwaka 1969 ilikuwa nyeusi.

Namba za ukingoni ni takimita, ya kupimia mwendo. Ukiwa kwenye basi la kuja Mtwara, bonyeza mkipita kibao cha kilomita, bonyeza tena kibao kinachofuata. Mshale ukisimama sekunde ya 45, unaelekea 80: basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Ukisimama sekunde ya 30 ni 120, hapo mwite konda. Kwa adabu, maana mbele bado kuna safari.

Sasa mama apokee salamu zake. Loweka kikombe kimoja cha mbaazi kavu usiku kucha, chemsha ziive bila kupasuka, chuja. Kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, tia tangawizi na kitunguu saumu vya kutwanga, kijiti cha mdalasini, iliki nne, karafuu nne, kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Harufu ikipanda, tia mbaazi, chumvi na tui jepesi vikombe viwili na nusu. Likichemka, mimina mchele vikombe viwili uliokwisha kuoshwa. Tui likianza kukauka juu ya mchele, mwagia kikombe kimoja cha tui zito, geuza mara moja tu, funika, punguza moto wa chini, palia makaa juu ya mfuniko.

Hapo ndipo ninapobonyeza kitufe. Dakika 20, ukizisoma kwenye kiduara cha dakika, na mfuniko haufunuliwi. Mwaka jana nilifunua ya 10 ili nimwonjeshe mgeni. Mvuke wote ukaenda zake, punje za juu zikabaki na kiini kigumu, na mgeni akala kimya kimya, akaomba maji mara tatu.

Mshale wako ukirudi ukasimama pembeni kidogo ya 12, hilo ni rekebisho dogo. Niletee ukija Mtwara.