Ijumaa, Sabato na ratiba ya zamu

SWALI: Nasimamia zamu kwenye ghala la bidhaa hapa Dar es Salaam. Waislamu wanaomba kwenda Ijumaa, Msabato mmoja hataki kabisa Jumamosi, na waliobaki wananung'unika kwamba "dini zimegeuka likizo". Nikiwaruhusu hawa, si nitakuwa nimewabagua wengine? — Msimamizi, Temeke

JIBU: Hapana, ilimradi ruhusa hiyo isitegemee umeamkaje siku hiyo. Iandike kwenye ratiba.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini, kabila au rangi yake, na kinamtaka mwajiri atoe fursa sawa. Hakijasema wote wapumzike kwa wakati mmoja. Wewe linda saa: za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60.

Ijumaa ndiyo nyepesi. Hizo dakika 60 tayari ni haki yao, kwa hiyo zisogeze tu. Waulize wenyewe msikiti wao unaanza hotuba saa ngapi, kisha panga mapumziko yao hapo na ya wengine kabla au baada. Usiwape dakika ishirini ukadhani umewasaidia: kuna kutawadha, kuna kutembea, na hotuba ni sehemu ya ibada yenyewe.

Msabato ndiye anayewashinda wasimamizi wengi, kwa sababu wanaiangalia Jumamosi peke yake. Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama. Ukimpa zamu ya Ijumaa inayoisha saa nne usiku, umeshaigusa siku yake, hata kama Jumamosi umemwachia. Mpe zamu ya asubuhi Ijumaa, na Jumapili ashike nafasi ya Mkristo mwingine anayetaka kwenda kanisani. Kubadilishana huku kuandikwe na wote wawili wasaini, na kila mmoja abaki na saa zake 24 za mapumziko ya wiki. Wanung'unikaji nao waonyeshe ratiba. Wakikuta saa zinalingana, wengi hunyamaza.

Kuna pahala unaweza kukataa: pale kazi yenyewe inapodai. Mtandio unaoning'inia karibu na mkanda wa mashine ni hatari kweli. Lakini kabla hujapiga marufuku hijabu, jaribu iliyo fupi, ya kubana, inayoingia ndani ya ovaroli. Mara nyingi suala huishia hapo.

Kuhusu hayo maneno ya "likizo", usiyaite utani. Watani hujibizana, na kibarua hawezi kumjibu kiongozi wa zamu. Kumnyanyasa mtu kwa dini yake ni ubaguzi kwa kifungu kilekile. Mwite msemaji pembeni mapema. Usimsute mbele ya watu, utazua kambi mbili ghalani.

Mwisho, tunza ratiba za zamani. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mfanyakazi akaonyesha dalili za kutosha za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. "Tulikubaliana kwa mdomo" haitakusaidia.