Kabla Hujavaa Sare: Ushauri kwa Anayetaka Kulinda Mpaka wa Bahari

Kila zinapotangazwa nafasi za ajira za vikosi, simu yangu haitulii. Vijana wa mtaani, watoto wa marafiki, hata walimu wa skuli wanaowaulizia wanafunzi wao, wote wanataka kujua mafunzo ni magumu kiasi gani, mshahara unatosha au hautoshi, na boti za doria zinakwenda mbio kiasi gani. Nawajibu. Lakini tangu nilipokuwa kwenye doria upande wa Pemba mpaka leo nimestaafu, hakuna aliyeniuliza swali ambalo mimi ndilo ningeanza nalo: utafanya nini siku boti mliyoisimamisha yumo mjomba wako?

Angalia ramani. Kutoka Pemba hadi bara ni kiasi cha kilomita 50 tu. Upande wa pili kuna Tanga na Moa, na ukipanda kaskazini unakuta Vanga, Wasini na Shimoni, ambako tayari ni Kenya. Mstari wa mpaka wenyewe serikali za Tanzania na Kenya zilikubaliana kwa kubadilishana barua, kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, nao unaanzia Ras Jimbo kuelekea baharini. Watu wa pwani walikuwa wakioana, wakizikana na kuuziana samaki karne nyingi kabla ya barua hizo, na hawakuacha baada yake. Kwa hiyo ukijiunga na KMKM Zanzibar, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, au Polisi Wanamaji upande wa bara, usifikiri unakwenda kupambana na maadui kutoka mbali. Sehemu kubwa ya watu utakaowasimamisha wanamjua baba yako kwa jina, na wengine watakuwa kwenye arusi ya dada yako mwezi ujao.

Rushwa ya kwanza huwa haiji kwenye bahasha. Inakuja kwenye mtungo wa changu. Umekagua mashua, hamna kitu, nahodha mzee wa watu anakunyooshea samaki: "Chukua kitoweo, mwanangu, usiku mzima mko majini." Anasema kwa mapenzi, na pengine kweli hana nia mbaya. Usichukue. Mshukuru, mtakie safari njema, mwambie kitoweo utanunua dikoni, pale samaki wanaponadiwa. Na kweli ukanunue dikoni, mchana, mbele za watu, kwa bei ya mnada kama kila mtu. Atakayekasirika atapoa. Ukishazoea mtungo wa bure, safari ya tatu nahodha yuleyule atakuomba usiinue turubai, na hutakuwa na mdomo wa kumkatalia.

Kuhusu jamaa, utaratibu niliouona unafanya kazi ni mmoja. Ukimtambua ndugu ndani ya chombo, mwambie kamanda wako palepale kwa sauti wenzako wasikie, kisha kaa pembeni, mwingine akague. Iandikwe kwenye daftari la doria kwamba fulani alijitoa kwa sababu ya udugu. Usipige simu nyumbani mpaka kazi iishe. Ukifanya hivyo hakuna atakayesema ulimpendelea, na hakuna atakayesema ulimkomoa. Mke wako na wazazi wako pia waambie mapema, kabla hujaanza kazi, kwamba wewe si mtu wa kuombwa "mruhusu fulani apite". Wakati wa shida wameshakuja sebuleni, ni vigumu sana kuanza kuwaeleza.

Kuna mkulima mmoja, kwenye kijiji nisichokitaja, aliwahi kuniambia maneno yaliyonikaa. Tulikuwa tumekamata mapolo, yaani magunia, ya karafuu pwani, si yake, lakini alikuja kutazama. "Mikarafuu kaipanda babu yangu, mimi nimeipalilia. Nikishachuma, wewe na bunduki yako ndio waniambia nimuuzie nani?" Kwa sheria yetu karafuu huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Hakulipenda, nami sikutegemea alipende. Nawaambia vijana wasimjibu mtu wa namna hiyo kwa kejeli. Ana hoja, na mahali pa kuipeleka hoja hiyo ni Baraza la Wawakilishi, si ngamani, chini ndani ya chombo, usiku.

Mimi naamini, na wenzangu wengine walinibishia sana, kwamba bei hukamata magendo mengi kuliko boti. Serikali ilipopandisha bei ya karafuu mwaka 2011, tofauti na bei ya Mombasa ilipungua na biashara ya kuvusha ikapoteza ladha. Ndiyo maana askari mzuri wa mpaka hufuatilia soko. Sukari, mchele, mafuta ya kula, petroli, vyote hufuata tofauti ya bei na kodi. Ukitaka kujua wiki hii mzigo unaelekea upande gani, uliza bei ya sukari Tanga na Mombasa kabla hujamuuliza mtoa habari wako.

Kitu cha pili cha kufuatilia ni maji na upepo. Bandari bubu nyingi za Pemba ziko ndani ya vihori, yaani mikono midogo ya bahari, vya mikoko, na maji yakipwa hata mtumbwi hautoki. Chombo kilichopakia kinahitaji maji makubwa. Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, kwetu huku, maji hujaa alfajiri na alasiri. Bamvua la mwezi mpevu lina mwanga, bamvua la mwezi mwandamo lina giza. Basi wewe ukiwa ndiye mwenye mapolo yako, ungechagua lipi? Ongeza kwamba msimu mkubwa wa karafuu huanza kuchangamka Julai, wakati upepo wa kusi bado unavuma, na kusi humsukuma mtu kutoka Wete kuelekea Shimoni bila kuchoma mafuta mengi. Kalenda ya mwezi ukutani itakusaidia kuliko darubini. Tulikuwa na kamanda ambaye hakupanga doria ya usiku bila kuuliza kwanza mwezi una siku ngapi.

Ukishakikaribia chombo, kitazame kabla hujasema neno. Mashua inayodaiwa tupu lakini imezama mpaka karibu na ubao wa juu, inasema uongo. Tazama watu. Baharia asiyeinuka alipokaa hata nahodha anapomwita, kuna kitu amekikalia. Karafuu haifichiki kwa harufu, ndiyo maana hufunikwa kwa dagaa au humwagiwa mafuta ya taa juu ya magunia. Harufu ya mafuta ya taa kwenye mashua isiyo na taa wala jiko ni sababu tosha ya kushuka kwenye ngama na kufungua feuli, stoo ya chombo. Salamu hutangulia, siku zote. Jitambulishe, muulize nahodha ni nani, omba hati. Kisu kiunoni mwa mvuvi ni chombo chake cha kazi, usimpigie kelele. Mwombe akiweke tezini, nyuma ya chombo, wewe uanzie omo, mbele. Na usiruke kwenda chombo kingine kwa mbwembwe. Subiri wimbi lilinganishe boti mbili, ndipo uvuke, na jaketi la kuokolea limefungwa kifuani.

Sasa nije kwenye kitu kinachochosha watu nikikisema: daftari. Kesi nyingi za baharini hazifi kwa sababu ya ukosefu wa boti au silaha. Zinafia kwenye karatasi. Wakili wa utetezi hatakuuliza mlikimbia kasi gani. Atasimama, atarekebisha miwani, atauliza kwa upole: "Shahidi, ulijuaje kuwa wakati ule mlikuwa upande wa Tanzania?" Kama namba za GPS mlizisoma mlipofika gatini, umekwisha. Zisome na uziandike mara tatu: mlipokiona chombo, mlipokiamuru kisimame, na mlipopanda. Andika saa, andika chombo kilikuwa kimeelekea wapi, nani alishika usukani, hali ya bahari, mwanga ulitoka wapi. Hesabu mapolo mbele ya nahodha, yapige picha kabla hayajasogezwa, yawekee alama, yapimwe kwenye mzani mbele ya mtu anayeweza kuja kusema mahakamani kwamba aliuona. Kila kielelezo kinapobadilisha mikono, mtoaji na mpokeaji waweke saini. Tumia penseli, maana wino huenea maji ya chumvi yakiugusa, na daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki. Nimeona mzigo wa wazi kabisa ukirudishwa kwa mwenyewe kwa sababu idadi ya magunia kwenye hati ya ukamataji haikulingana na ile ya ghala.

Hapohapo kuna suala la kufukuza. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982, kifungu cha 111, inakupa haki ya kumfukuza mtu hata nje ya maji yako, ilimradi umeanza ndani ya maji yako, umempa ishara ya kusimama akiwa mahali anapoweza kuiona au kuisikia, na hukukatisha. Lakini akiingia tu kwenye maji ya nchi nyingine, mbio zimekwisha. Katika mkondo wa Pemba mstari huo uko karibu, na anayekimbia anaujua. Damu imechemka, mashine mbili zinanguruma, unamwona mgongo wake pale mbele, na unatakiwa ukate mafuta. Wengi hapa huona kama wameshindwa. Hapana. Tuma maelezo ya chombo kwa walio upande wa pili. Kenya wana kikosi chao cha walinzi wa pwani tangu 2018, makao yake Mombasa. Ukivuka mwenyewe na silaha mkononi, habari ya kesho haitakuwa magendo ya sukari tena, itakuwa askari wa kigeni, na hapo hata kamanda wako hatakuwa na la kukutetea.

Dawa za kulevya ni habari nyingine. Majahazi makubwa yanayotoka pwani ya Makran, huko Irani na Pakistani, hukaa mbali na nchi kavu na kushusha mzigo kwa boti ndogo. Hizo si kazi za askari mmoja mwenye ushujaa. Ukikuta dalili zake, toa taarifa juu na usubiri amri. Sisemi zaidi.

Nusu ya kazi, ile ya kuokoa watu, hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya msiba. Usiku wa Septemba 10, 2011 meli ya abiria MV Spice Islander ilizama jirani na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, watu kwa mamia wakafa. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, bahari imechafuka, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Siku kama hizo wanaotakiwa majini ni hawahawa wazuia magendo, bega kwa bega na wavuvi waliowakagua wiki iliyopita. Ukiwa umewatukana watu baharini mwaka mzima, siku ya kuokoa wataitikia wito wako kwa shingo upande. Vivyo hivyo kwa wahamiaji. Vijana wa Kiethiopia au Kisomali waliofichwa chini ya turubai wakielekea kusini, kabla ya maswali wape maji ya kunywa. Mwenye kesi ya kujibu kwanza ni aliyewapakia.

Wasichana wanaoniandikia huuliza kama watakubaliwa. Nawajibu kwamba wanahitajika. Mwanamke hapekuliwi na mwanamume, na wasafirishaji wanalijua hilo vizuri sana. Doria isiyo na askari wa kike huishia kuruhusu mabuibui yapite bila kuguswa. Mmoja wa wapekuzi makini niliofanya nao kazi ni mama wa watoto wanne kutoka Mkoani, Pemba, alikuwa akizungumza na abiria kuhusu bei ya vitenge huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Na jifunzeni kuogelea sasa, msisubiri depo ya mafunzo. Mtashangaa ni watoto wangapi wa visiwani hawajui, au wanajua ya kuchezea ufukweni tu. Ogelea na nguo, ogelea usiku, ogelea umechoka. Kichefuchefu cha bahari kisikutishe, wengi hukizoea, na kipande cha tangawizi mfukoni si aibu. Mwenye nafasi asome kozi za awali za usalama wa mabaharia pale Chuo cha Bahari Dar es Salaam, zile za kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza. Hata usipoitwa kikosini, cheti hicho kitakupatia kazi kwenye boti za abiria wakati unasubiri tangazo jingine.