Mdogo wangu anasali kanisa jingine: nikinyamaza, nitadaiwa damu yake?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi nimeokoka, ninasali kanisa la Kipentekoste. Mdogo wangu ameolewa na Mlutheri na sasa anasali huko. Anavaa hereni, anasuka rasta, na mtoto wao wamembatiza angali mchanga. Kwenye kikundi chetu cha maombi tunamzungumzia karibu kila Jumatano. Wenzangu wanasema nisipomkemea, damu yake itatakwa mikononi mwangu. Nifanyeje?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu.

Nianze na hiyo damu, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Wenzako wameitoa Ezekieli 33, kwa mlinzi wa mji anayedaiwa damu ya watu asipowaonya. Lakini mtazame vizuri yule mlinzi: anapiga tarumbeta akiona upanga unakuja, siyo akiona jirani kabadilisha mapazia. Sasa kwa mdogo wako umeona upanga, au umeona hereni?

Paulo alikutana na mambo mawili ambayo sisi tungeyachanganya. Wagalatia walikuwa wanaambiwa kwamba Kristo peke yake hatoshi, mpaka watahiriwe. Hapo hakubembeleza mtu: anayehubiri injili nyingine na alaaniwe, hata kama ni malaika (1:8). Halafu msome akiwa kifungoni, anawaandikia Wafilipi habari za wahubiri waliokuwa wakimhubiri Kristo kwa husuda, makusudi wamwongezee dhiki katika minyororo yake. Watu wabaya hasa. Sisi tungewataja kwa majina kwenye maombi mpaka usiku wa manane. Yeye anasema: "Yadhuru nini? Lakini kwa njia zote, ikiwa ni kwa hila, ikiwa ni kwa kweli, Kristo anahubiriwa, na kwa hiyo nafurahi" (1:18). Waliomchukia yeye aliwaachia Mungu. Waliougusa msalaba hakuwaachia.

Kwa hiyo sikwambii kwamba Mkristo hapimi kitu. Ukimsikia mtu anawaambia watu kwamba baraka yao imo kwenye chupa ya mafuta anayouza, sema, tena sema wazi. Hiyo ni Galatia.

Ubatizo wa mtoto ni jambo zito zaidi ya rasta, sikatai. Mimi mwenyewe nafundisha kwamba mtu aamini kwanza ndipo abatizwe, na kesho nitafundisha hivyo hivyo. Ila Wakorintho walipogawana makundi, mmoja wa Paulo, mwingine wa Apolo, Paulo alishukuru kwamba wengi wao hakuwabatiza yeye, tena hakumbuki vizuri ni akina nani aliowabatiza (1 Kor 1:14-17). Fikiria, mtume mzima amesahau! Msalaba hakuusahau.

Na wenzako wasikuambie kwamba Mlutheri hawezi kuwa ameokoka. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ulianzia kwa Waanglikana ukafika kwa Walutheri wa Bukoba. Askofu Josiah Kibira alikuwa mtu wa Uamsho huo, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Alikuwa Mlutheri mpaka mwisho.

Nakuandikia haya nikiwa nimeshaungua. Zamani niliongoza kikundi cha maombi kama chenu: mabenchi matatu, birika la chai, taa ya chemli. Jioni moja nilitumia saa nzima kulichambua kanisa la ng'ambo ya barabara, mavazi yao, ngoma zao, mchungaji wao. Nilisema vizuri, watu wakaitikia amina. Karibu na mlango alikaa kijana wa bodaboda, kofia ngumu mapajani, anaizungushazungusha. Kabla ya sala ya kufunga akanyanyuka akaenda. Kesho yake mzee mmoja akaniambia kwamba kijana yule alifiwa na mkewe wiki mbili nyuma, na alikuja kuuliza kama Mungu bado anamtaka. Nikajaribu kukumbuka kama nilimtaja Yesu jioni ile. Nilimtaja kwenye sala ya kufungua.

Yohana naye alimletea Bwana mashtaka ya namna hii: tumemwona mtu akitoa pepo kwa jina lako, tukamkataza, "kwa sababu hafuatani nasi" (Marko 9:38). Hakusema hafuatani nawe. Na katika sura hiyo hiyo wanafunzi walikuwa wametoka kushindwa kumtoa pepo mmoja! Bwana akawajibu, "Msimkataze."

Basi nenda kwa mdogo wako, na usiende na aya mfukoni. Mbebe huyo mtoto. Mwulize Jumapili wamehubiriwa nini, umsikilize mpaka amalize. Ukisikia Kristo aliyesulubiwa, sema amina, hapo hapo jikoni kwake. Usipomsikia, wewe msimulie alivyokuokoa. Na Jumatano wakilileta jina lake tena, waambie umetoka kwake, mmekula pamoja.

Hereni ukiziona, mwulize tu amezinunua wapi.