Kiingereza Kikiharibiwa Masikioni Mwako: Lipi Usahihishe, Lipi Ulipitishe

Kazi yangu ni kuhariri. Kutwa napitia ripoti, barua na matangazo ya Kiingereza yaliyoandikwa na watu ambao wengi wao, kama mimi, walikikuta Kiingereza shuleni. Naijua vizuri ile hali ya kufika katikati ya sentensi damu ikachemka kwa sababu mtu kaandika "could of" badala ya "could have", au "loose" pale alipotaka kusema "lose". Wanaokerwa na mambo haya husemwa kuwa wana kiburi. Nawatetea. Wengi wao wanayapenda maneno tu, na nani hufurahi kuona anachokipenda kinachezewa? Ila kukereka ni jambo moja, na kufungua mdomo ili usahihishe ni jambo jingine.

Kabla sijasema lolote najiuliza: je, msomaji anaweza kuelewa kinyume na alichokusudia mwandishi? Kama anaweza, nasahihisha papo hapo, hata kama aliyeandika ni mkurugenzi. Kama hawezi, nina nafasi ya kutafakari.

Chukua "inflammable". Wapo watu wengi, tena waliosoma, wanaolielewa neno hili kuwa ni "kisichowaka", kwa sababu "in-" mwanzoni mwa maneno mengi ya Kiingereza hukanusha: "visible" ni kinachoonekana, "invisible" kisichoonekana. Kumbe "in-" ya hapa ni ileile iliyomo kwenye "inflame", yaani kuwasha. Kitu kikiandikwa "inflammable" kinashika moto, na kinashika upesi. Nilimwona kijana wa stoo akisogeza dumu lenye maandishi hayo hadi karibu na mahali mafundi walipokuwa wakichomelea, akiamini kabisa kwamba ameweka pale kitu salama. Fundi mkuu akapiga kelele, dumu likaondolewa mbio. Baadaye watu walimcheka yule kijana, na hilo liliniuma. Alikuwa amesoma lebo, jambo ambalo wengi hawafanyi, na alitumia kanuni aliyofundishwa darasani. Ndiyo maana tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kinga ya moto nchini Marekani wamekuwa wakihimiza lebo ziandikwe "flammable", na kisichowaka kiandikwe "non-flammable". Ukikuta neno lile la zamani kwenye tangazo la kazini kwako, omba libadilishwe siku hiyohiyo.

La pili kwa hatari, kwa maoni yangu, ni "biweekly". Kamusi zinakubali maana zake zote mbili: mara mbili kwa wiki, na mara moja kila baada ya wiki mbili. Hapo hakuna wa kulaumiwa, na ubishi wa nani yuko sahihi hauna mwisho. Dawa yake ni kutolitumia kabisa. Andika "every two weeks" au "twice a week", hasa kama ni suala la malipo au dozi. Kitenzi "table" nacho kina mtego wake kwenye vikao vyenye watu wa mataifa tofauti: kwa Waingereza ni kuleta hoja ijadiliwe, kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Hata "billion" ina historia hiyo. Maana ya zamani ya Uingereza ilikuwa milioni mara milioni, na ni mwaka 1974 ambapo waziri mkuu Harold Wilson alithibitisha kwamba serikali yake inafuata maana ya Kimarekani, milioni elfu moja. Anayefasiri nyaraka za zamani za Kiingereza asiipite namba hiyo bila kuitazama mara mbili.

Sasa yale yanayokera bila kumpoteza mtu. Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wapunguze ukali, kwa sababu mengi tunayoyaita makosa yana umri mkubwa kuliko kanuni tunazoyapigia. Mtu akisema "I literally died laughing", yuko hai mbele yako na unajua anachomaanisha. Matumizi hayo ya "literally" yalikuwemo kwenye maandishi tangu karne ya 18, na kamusi ya Merriam-Webster iliyaingiza mwaka 1909. Ile kanuni ya kwamba vitu vinavyohesabika vichukue "fewer" na visivyohesabika "less" hupelekwa hadi mwaka 1770, kwa Mwingereza mmoja aitwaye Robert Baker, ambaye alisema tu kwamba yeye anaona "fewer" ingefaa zaidi. Yalikuwa maoni ya mtu mmoja. Waliokuja baadaye wakayageuza sheria. Na "nice", tunalolimwaga kila mahali, zamani lilimaanisha mjinga. Mimi bado nafuata "fewer" katika kuhariri, kwa kuwa wasomaji wa ripoti huitarajia, lakini siwezi kumkatiza mtu maneno yake kwa ajili hiyo.

Yapo pia makosa yanayotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, na haya nayaonea huruma zaidi. Mtu anasema "borrow me your pen" kwa sababu kuazima kwetu huenda pande zote mbili: namwazima mwenzangu kalamu, naye anaazima kwangu. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa "lend" na "borrow". Vivyo hivyo "he" na "she". Yeye yetu haijali jinsia, na ukichoka, hata kama Kiingereza chako ni kizuri, utajikuta umesema "my sister, he". Kwenye mazungumzo, acha lipite. Kwenye maelezo ya shahidi au ripoti ya mgonjwa, sahihisha kila moja, maana atakayesoma hakumwona mhusika.

Jambo ambalo wasahihishaji hatulizungumzi vya kutosha ni kwamba kusahihisha ovyo kunazaa makosa mapya. Mtoto anasema "me and my brother went", anakaripiwa: sema "my brother and I"! Hakuna anayemweleza kwa nini. Anachobaki nacho ni hofu ya neno "me". Akikua anaandika "between you and I" na "the manager invited my brother and I", kwa sauti ya mtu aliyesoma, na yote mawili yamekosewa. Nakutana na hili kila mara katika barua za watu wenye vyeo, na ninaposoma najua kuna mwalimu au mzazi aliyekemea bila kufafanua. Ukitaka kumsaidia mtu hapa, mfundishe kipimo: mwondoe huyo mwingine, ubaki peke yako. "The manager invited I"? Sikio lenyewe litakataa. Kwa hiyo ni "my brother and me". Kwenye "between" kipimo hicho hakifai sana. Weka "we" na "us", usikie ipi inakaa. Aliyekipata kipimo hiki hahitaji tena wewe umsimamie.

Namna ya kusahihisha ina uzito kuliko usahihisho wenyewe. Mbele za watu, usifanye. Aliyekuzidi umri usimwambie kwamba amekosea. Mjibu kwa kutumia neno sahihi, uendelee na mazungumzo. Amekuambia "borrow me your pen", mjibu "Of course, I can lend you this one", mpe kalamu. Akitaka kusikia atasikia. Kwa bosi, uliza maana na kosa usilitaje: "Samahani mkuu, kwenye ratiba ulikusudia mara mbili kwa wiki au kila wiki mbili?" Atarekebisha mwenyewe, na wala hutaonekana unamfundisha. Kwa mwenzako wa rika, mtumie ujumbe wa faragha na umtajie kosa moja tu. Ukimwaga matano kwa pamoja hatakumbuka hata moja, atakumbuka alivyoona aibu. Na kabla ya yote fungua kamusi, kwa sababu mara nyingi utakuta neno unalotaka kulikemea limekubaliwa zamani.

Kuna hali moja tu ambapo nasahihisha kila kitu, hadi "its" na "it's": pale rafiki anapoandika maombi ya kazi au ya masomo. Huko anakwenda kusomwa na mtu asiyemjua, mwenye rundo la barua mezani, anayetafuta sababu ya kulipunguza. "Your" iliyoandikwa mahali pa "you're" inaweza kuwa ndiyo sababu hiyo, hata kama mwombaji ni hodari kuwazidi wote. Muulize kwanza kama anataka uisome. Akikubali, ipitie mstari kwa mstari kabla hajaituma. Ukiliona kosa wakati barua imeshaondoka, usimwambie chochote hadi apate jibu.