Vibaka wa Roma: hela, pasipoti na laini ya M-Pesa viwekwe wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo kaka. Mimi na mama tunaenda hija Roma na kikundi cha parokia kutoka Moshi, wiki moja. Kila mtu anatutisha kuhusu vibaka. Mtandaoni nimeona mikanda ya kuficha hela na pochi za kuzuia kadi isisomwe kwa mbali, bei imechangamka. Ninunue? Na pasipoti tutembee nazo au tuache hotelini? Mama kagoma kila kitu, anasema hela anafunga kwenye leso anaweka kifuani kama siku zote. Mimi naogopa zaidi simu, ina M-Pesa na benki humo humo.

JIBU: Milele amina dada. Nianze na mama maana kwenye kesi hii yeye ndo fundi. Leso kifuani inaishinda mikanda mingi mnayouziwa, hakuna kibaka atafika pale bila mama kupiga kelele. Shida inakuja akitaka kununua maji ya euro moja, anageukia ukutani, anafungua leso nzima barabarani, basi mwenye macho yake ameshajua hazina iko wapi. Aendelee na leso ila hiyo iwe hela ya kutoguswa mpaka mrudi chumbani, halafu awe na kipochi kingine chenye euro 20 au 30 za siku hiyo, hizo hata zikichomolewa mtasikitika kidogo mtaendelea na rozari.

Mimi kazi yangu ni kusindikiza mahujaji na hilo ndo jambo la kwanza nawaambia kabla hatujapanda ndege: unachotumia leo na usichokigusa barabarani visilale mfuko mmoja.

Vibaka wa kule hawakabi, hawana haja hiyo. Wanataka kujua mali iko wapi, basi, na wapate sekunde chache za kubanana. La kwanza unawaambia mwenyewe, ukisoma pale stesheni tangazo la kujihadhari na wezi mkono unaenda wenyewe kupapasa mfuko wenye pochi, na kibaka kasimama pembeni anaangalia mikono ya watu tu. La pili wanalipata mlangoni mwa treni. Chukulia metro ya laini A, mnapanda Termini, stesheni kuu ya Roma, mnashuka Ottaviano kwenda Mtakatifu Petro. Treni inafika, watu wanasukumana, mbele yako kuna dada msafi kabisa, kavaa vizuri, ana koti kaliweka mkononi, anaingia halafu anasimama ghafla pale pale mlangoni kama kasahau kitu, unamgonga mgongoni, unaomba samahani, walio nyuma wanakubana, na wakati huo wote kuna mkono chini ya koti lingine unafungua zipu yako taratibu. Mlango ukianza kulia unajifunga wanaruka nje, wewe unaondoka na treni, pochi inabaki Termini. Mara nyingi ni wasichana wadogo, wengine wamebeba na mtoto, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta jitu la kutisha. Mtu aliyezoea mwendokasi ya jioni Dar kubanana anakujua, kinachomponza ni kwamba kule anaona watu wanapendeza anajiachia.

Dawa yenyewe haina gharama. Treni ikijaa iacheni, nyingine iko njiani. Ukiingia usigande mlangoni, sogea ndani kabisa, begi kifuani, zipu iangalie mwili wako, mkono juu yake. Mtu akisimama ghafla mbele yako au akikumwagia kitu akajifanya anakufuta, usimwangalie yeye, shika begi kwanza. Basi namba 64 linalotoka Termini kuelekea Vatikani lina sifa hiyo miaka mingi, na pale Termini kwenye mashine za tiketi atakuja mtu mkarimu anataka kukusaidia kubonyeza, mwambie hapana asante, tena kwa sura kavu. Siku ya kufika ndo mbaya kuliko zote maana mna masanduku, usingizi haujaisha, na hamjui njia.

Halafu Jumatano, mkienda uwanja wa Mtakatifu Petro kumsikiliza Papa. Ile dakika gari lake linapita, watu wote mikono juu wanapiga picha na machozi yanawatoka, mabegi yote yako wazi mgongoni. Kubalianeni mapema nani anapiga picha na nani anashika mabegi, picha mtagawana WhatsApp.

Sasa vifaa. Mkanda wa hela sio mbaya ila watu wanauvaa juu ya nguo, hapo umefanya matangazo. Mpe fundi cherehani sketi zenu awashonee mfuko wa ndani wenye zipu, na kwenye zipu ya mkoba wa nje tia pini ya nepi, kibaka anataka kitu cha haraka, akikutana na pini anahamia kwa jirani. Pochi ya kuzuia kadi isisomwe achana nayo. Kadi ya kugusisha inasomwa kwa sentimita chache tu na kila malipo yanatengenezewa namba yake ya mara moja. Hatari yenyewe ni kadi kuibiwa, maana kwa kawaida mashine za Italia haziulizi namba ya siri mpaka malipo yapite euro 50, kwa hiyo mwenye kadi yako anaweza kuzunguka madukani akigusisha vitu vidogo vidogo mpaka uifunge. Beba kadi mbili, moja ibaki chumbani, na namba ya benki ya kufungia kadi iandike kwenye karatasi ikianza na +255, zile namba fupi za huduma kwa wateja ukiwa nje ya nchi usizitegemee.

Pasipoti watu wanabishana sana. Sheria ya Italia inataka mgeni aweze kuonyesha hati yake polisi wakiihitaji, kwa hiyo mimi nawavalisha mahujaji kipochi cha shingoni, ndani ya nguo, na hakifunguliwi barabarani. Kopi ya pasipoti na ya ukurasa wa viza iache hotelini, picha yake mtumie mtu wa nyumbani. Kiongozi wa kikundi asikubali kubeba pasipoti za watu wote kwenye begi moja, hili naliona sana na linanitoa jasho. Na wakija wanaume wawili bila sare wakasema ni polisi wanataka kukagua kama hela zenu ni feki, hao ni wezi. Waambie twendeni kituoni, au piga 112.

Simu. Kabla hujaondoka weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, sio kwenye simu tu, maana mwizi anaichomoa laini anaitia kwenye simu nyingine na meseji za uthibitisho za benki zinaingia kwake. Ukikosea mara tatu inajifunga inadai PUK, ile namba ya kufungulia laini, kwa hiyo PUK uwe nayo kwenye karatasi. Zima meseji zisionekane kioo kikiwa kimefungwa. Kwenye iPhone washa ulinzi wa simu iliyoibiwa, ulikuja na iOS 17.3, ukiwa ugenini mtu akitaka kubadilisha nywila ya akaunti anatakiwa uso au kidole chako na asubiri saa nzima, Android nazo nyingi sasa zina kufuli linalojifunga simu ikinyakuliwa. Ila kama unaogopa kweli kweli fanya hivi: laini ya M-Pesa itie kwenye kitochi, iwashie romingi, kitochi kibaki hotelini kwenye sanduku lenye kufuli, halafu simu kubwa itembee na eSIM, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi ya kuchomoa, ya data tu. Ukitaka kutuma hela utatuma usiku.

Ikitokea mmeibiwa, fungeni kadi na laini kwanza, ndo muende polisi. Pale Termini wapo polisi wa reli, wengine ni Carabinieri, nao ni polisi wa Italia, mnaomba karatasi ya taarifa ya wizi inaitwa denuncia. Bila hiyo bima hawakusikilizi, na kama pasipoti imeenda, ubalozi wetu upo Roma hapo hapo na wataihitaji ili wawape hati ya dharura ya kurudia. Angalieni pia mapipa ya taka ya karibu, kibaka anataka hela, pochi yenye rozari na pasipoti mara nyingine anaitupa kona ya pili.

Bima mtakayokatiwa kwa ajili ya viza, ile ya euro 30,000, inalazimishwa kwa ajili ya matibabu na kusafirishwa kurudi nyumbani, wizi sio lazima uwemo. Muulizeni wakala kabla hamjalipa kama umo, na kama umo wanataka denuncia ndani ya saa ngapi.