Kocha, niuze Glock yangu ninunue bastola ya mashindano?

Swali: Kocha habari yako. Mimi niko Ruiru, niko na leseni na Glock 17 ambayo nimekaa nayo miaka minne kwa ajili ya usalama tu. Mwaka huu rafiki alinipeleka Kirigiti kule Kiambu kuangalia mashindano na sahii nimeshikwa kabisa, sitaki kuangalia tena nataka kushindana, hasa hii ya IPSC, ile ya kupiga shabaha huku unakimbizana na saa. Shida ni kwamba wale niliowaona wakifanya vizuri wengi wao wako na CZ Shadow 2 ama kitu kizito kama hio, na rafiki ananiambia niuze yangu niongeze pesa, ati na Glock nitakuwa nawasindikiza wengine tu. Ni kweli? Na mazoezi nianze aje?

Jibu: Ndugu yangu, usiuze. Nakwambia hivi nikijua vizuri ile bastola unayoitamani, nimeishika na nimeshindana nayo, ni nzuri sana. Shadow 2 ina kilo moja na robo na zaidi kidogo, Glock 17 tupu bila magazini haifiki ata gramu 700, sasa chuma kizito kinameza teke la risasi na kilengeo kinarudi mahali pake haraka, hapo rafiki yako hajakudanganya. Lakini kile kitakuangusha mwaka wa kwanza si teke la bastola. Ni vile unachomoa, vile unabonyeza triga, vile unabadilisha magazini ukitembea, na vile unakimbilia kufyatua kabla hujaona kilengeo. Hayo yote utahama nayo kwa bastola mpya vile yalivyo.

Wacha nikupigie hesabu manake watu wengi wanaingia kwa huu mchezo bila kuelewa vile alama zinatoka. Ukiwa na 9mm kwa daraja la Production, lile la bastola za kawaida zisizobadilishwa sana, unahesabiwa "minor", yani risasi ya nguvu ndogo. Risasi ikiingia eneo la A, pale katikati ya karatasi ya shabaha, unapata 5, C unapata 3, D unapata 1, ukikosa kabisa unakatwa 10, na ukipiga ile karatasi ya mtu asiyepigwa unakatwa 10 pia. Jumla ya alama inagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Sasa chukua steji, yani raundi moja ya mashindano, ya karatasi sita, kila moja risasi mbili, yani alama 60. Mtu wa kwanza anapiga A zote kwa sekunde 10, anapata 6. Wa pili anakuja mbio, sekunde 8, lakini ana A tisa, C mbili na moja imepotea kabisa: 45 ongeza 6 toa 10 ni 41, gawanya kwa 8 inakuwa 5.125. Amekimbia na amepitwa. Wa tatu naye ametumia sekunde 8 hizo hizo ila ana A kumi na C mbili, alama 56, anapata 7 kamili na amewapita wote wawili. Ukikosa karatasi hujapoteza 10 peke yake, umepoteza na zile 5 ungepata, kwa hio ni 15, na kwa steji ya kiwango cha 6 hizo ni sekunde mbili na nusu umetupa. Lakini C badala ya A imekugharimu alama 2 tu, kama theluthi moja ya sekunde. Kwa hivyo C chache hazitakuua, karatasi tupu ndio itakuua. Hilo ndio jambo ningetaka ulale nalo.

Sasa vifaa. Pesa ya kwanza iende kwa mshipi. Nasema mshipi kabla ya kitu kingine chochote manake ukichomoa bastola na mshipi ukapanda nayo, kila siku mkono wako utaikuta mahali tofauti na hutajifunza chochote. Tafuta ile ya vipande viwili, wa ndani unapita kwa vitanzi vya suruali na wa nje mgumu unashikana nao kwa velkro. Alafu holsta ya plastiki ngumu iliyotengenezewa bastola yako haswa, inayofunika triga yote, na ikae nyuma ya mfupa wa nyonga manake Production hairuhusu iende mbele. Ile ya kitambaa laini ambayo unatumia kila siku iache nyumbani, mdomo wake unajifunga ukishachomoa na kurudisha bastola inakuwa hatari.

Magazini nunua ziwe tano na uziandike namba kwa rangi, ndio moja ikianza kukwama ujue ni gani badala ya kushuku bastola nzima. Kwa Production magazini isizidi risasi 15, na steji ndefu inaweza kufika risasi 32, hesabu mwenyewe, utabadilisha si chini ya mara mbili. Zikianguka kwa mchanga zifungue uzisafishe siku hio hio. Miwani ya kujikinga na vizibo vya masikio hata sitaki tujadiliane, bila hivyo usikaribie laini. Na mwisho taima, ile inayopiga king'ora na kusikia kila mlio, ndio mwalimu asiyekuonea huruma.

Risasi zenyewe usinunue kwa sifa za boksi. Uzito wa risasi kwa greni, kile kipimo kidogo cha uzito kinachoandikwa kwa boksi, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde gawanya kwa 1000, lazima ifike 125 ndio ukubaliwe kwa hio minor. Greni 124 ikienda 1050 ni 130, uko salama. Greni 147 ikienda 900 ni 132, nayo iko sawa na wengi tunaipenda manake teke lake ni la kusukuma kuliko la kuchapa.

Mazoezi sasa, na hapa ndio nataka unisikilize sana. Risasi ni ghali, lakini kazi kubwa unaweza kuifanya nyumbani bila risasi ata moja, ile tunaita drai faya. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho, ingiza kidole uhisi kama iko tupu, alafu rudia yote. Risasi zote ziende chumba kingine na mlango ufungwe. Elekea ukuta wa mawe ambao hakuna mtu nyuma yake. Ukimaliza umemaliza, usirudishe risasi alafu ukasema wacha nifanye moja ya mwisho, hio ya mwisho ndio imetoboa kuta za watu.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Wiki mbili za kwanza usitumie taima kabisa, bonyeza triga ukiangalia kilengeo cha mbele, kisitikisike. Kwa Glock utakuwa unavuta slaidi kila mara ndio triga irudi, inachosha lakini inakulazimisha ushike upya, na mshiko ndio kila kitu: mkono wa kushoto ubane zaidi ya wa kulia, wa kulia ubaki na nafasi ya kidole kufanya kazi bila kuvuta bastola nzima. Ukishaweza hapo weka taima sekunde 2, king'ora kilie, uchomoe mpaka uone kilengeo kwa karatasi kabla kilie tena. Ukipata mara tisa kwa kumi punguza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kule renji, ukiwa na risasi 50, kumi piga polepole mita 25 uone ukweli wako, ishirini ziwe za kuchomoa na kupiga mbili mita 7 mpaka 10, kumi za kubadilisha magazini, kumi za mkono mmoja. Enda nyumbani.

Fanya hivyo miezi sita, shindana mara nne au tano, alafu ukiona bado Shadow inakuita niandikie tena.

Swali: Kocha mimi ni mama wa watoto wawili, niko Nakuru. Mikono yangu ni midogo na kila duka na kila mwanaume kwa renji ananiambia nichukue bastola ndogo. Nikaijaribu moja, kiganja kiliniuma siku mbili. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, pole, na ushauri huo wanaupeana kwa nia nzuri lakini hausaidii. Bastola ndogo ni nyepesi kwa hio inapiga teke zaidi, na mshiko wake mfupi unaacha kidole cha mwisho hewani. Kitu cha kupima si ukubwa wa bastola, ni umbali kutoka nyuma ya mshiko mpaka triga. Shika bastola tupu vizuri, mtutu ukiwa umenyooka na mkono wako, uone kama sehemu ya kwanza ya kidole inafika kwa triga bila kuzungusha mshiko. Bastola nyingi za siku hizi, Glock za kizazi cha nne na cha tano zikiwemo, zina vipande vya nyuma vya kubadilisha, omba ujaribu ile hali nyembamba kabisa isiyo na kipande. Ya ukubwa kamili ikikufika, chukua hio.

Kitu kingine ambacho hawatakwambia manake hawana hilo tatizo: nyonga zetu sisi wanaume zimenyooka, yako inasukuma mshiko wa bastola uingie ubavuni. Kuna kipande cha kuteremsha holsta na kuisogeza nje kidogo. Ulizia, na uangalie kama daraja unaloshindania linairuhusu.

Swali: Nimeondolewa kwa mashindano yangu ya kwanza kabisa kwa kuvunja nyuzi 90. Nilikuwa nakimbia kushoto nikibadilisha magazini. Sikujua hata nimefanya, nikasikia tu "simama!" Nimeaibika mpaka sitaki kurudi. — Msomaji, Thika

Jibu: Rudi, tafadhali. Mimi pia niliondolewa mwaka wangu wa pili, steji ya tatu, na kosa lilikuwa hili lako hili, na ile safari ya kurudi kwa gari kimya kimya naikumbuka mpaka leo. Msimamizi aliyekusimamisha alikufanyia jambo zuri, hata kama siku hio ilikuchoma. Mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka kwa ukuta wa nyuma, ule ulio nyuma ya shabaha, unaanza kuelekea mahali watu wamesimama.

Kilichotokea ni hivi. Mtu wa mkono wa kulia akibadilisha magazini mkono unaigeuza bastola kidogo, mtutu unaangalia kushoto. Ukiwa umesimama haina shida. Ukikimbia kulia haina shida. Ukikimbia kushoto mwili mzima umeshageuka kushoto, sasa ongeza ile ya mkono, tayari umepita. Dawa ni mbili. Ya kwanza, ukielekea kushoto badilisha magazini kwa hatua ya kwanza kabla mwili haujageuka, ama subiri ufike. Ya pili, kama lazima iwe njiani, mtutu uuache ukiangalia ukuta wa nyuma kama umefungwa hapo kwa kamba, miguu ndio iende kushoto. Fanya sebuleni na bastola ya plastiki ya mazoezi, polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji, mara mia, uwe umebandika karatasi kwa ukuta mmoja ndio uwe "mbele" yako. Na kidole kiwe nje ya triga muda wote ukitembea, nje kabisa, kimelala kwa fremu pale mtu mwingine anaweza kukiona, manake hio nayo wanaondoa.

Swali: Niko Arusha, nina kibali cha bastola cha Tanzania. Naweza kuvuka Namanga nayo nije kushindana Kenya?

Jibu: Usivuke nayo hivi hivi, kaka. Kibali chako kiko chini ya sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015, huku sisi tuko chini ya Sura ya 114, sheria ya silaha ya Kenya, na karatasi ya upande mmoja haikulindi upande wa pili. Andikia kwanza klabu inayoandaa mashindano wakupe barua ya mwaliko, hio barua ndio utaanzia nayo kuomba ruhusa ya maandishi ya kutoka nayo kwenu na ya kuingia nayo huku, bastola na risasi zote zihesabiwe. Anza miezi kadhaa kabla. Bila karatasi zote mbili mkononi njoo utazame tu, tutakukaribisha chai na utajifunza mengi ukiwa umesimama nyuma ya laini.

Swali: Mwanangu, mimi nina miaka 61 na bado napenda shabaha, lakini kilengeo cha mbele sasa ni ukungu mtupu. Nikivaa miwani ya kusomea karatasi inapotea. Niachane nayo?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Usiache. Macho ya umri wako hayawezi tena kuruka kutoka karibu kwenda mbali, kwa hio uchague moja. Njia ya kwanza ni kuweka kilengeo cha nukta nyekundu, hapo utaangalia karatasi tu na nukta inakuja yenyewe, utahamia daraja la Production Optics na utakuta wazee wenzako huko. Njia ya pili ni ya bei nafuu. Karatasi hata ikiwa na ukungu kidogo bado utaipiga, ni kilengeo cha mbele ndio lazima kiwe wazi. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, na kilengeo chako kiko mbali kuliko kitabu, ndio maana yote mawili yanakataa. Kwa hio ukiwa nyumbani na bastola tupu, nyoosha mikono vile unavyosimama ukilenga, mama akushikie uzi mmoja kutoka pembeni mwa jicho lako mpaka kwa kilengeo cha mbele, ukate hapo. Bastola ifungie kwa sefu, ule uzi uweke mfukoni uende nao kwa daktari wa macho, umwambie akutengenezee lenzi ya jicho la kulia inayoona vizuri umbali huo, na ya kushoto ibaki ya mbali.